Soma Jina Lote

Shangazi yangu alisoma taarifa ya habari redioni tangu mimi sijazaliwa mpaka na mimi nikaitwa mama. Watu hawakuijua sura yake, walilijua koo lake. Akiingia dukani akasema tu "naomba chumvi," muuzaji aliacha kupima akamkodolea macho: "Wewe si Mama Taarifa?" Jina hilo likamganda. Hata sisi nyumbani tulimwita hivyo akiwa hayupo. Akiwepo alikuwa Shangazi, tena kwa adabu zote.

Alipostaafu alitulia kidogo tu, kisha akaanza kuwasahihisha wauza mboga. Mtu akipita akinadi mchicha, Shangazi alimwita mlangoni akamwambia asimeze ile silabi ya mwisho, wateja wa mbali hawaisikii. Tuliogopa angetufukuzia wauza mboga wa mtaa mzima. Kwa hiyo naibu mkuu wa chuo alipokuja kumwulizia, mimi nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Mimi ni fundi cherehani katika chuo cha uuguzi. Nashona sare, mashuka ya mazoezi, mapazia, na msimu wa mahafali ukifika nashona na kurekebisha majoho. Wanafunzi wetu wanatoka nchi nyingi, nyingine sikuwahi kuzisikia mpaka nilipopima mabega ya watu wake. Naibu mkuu ni mtu mwema, mnene, mwenye haya. Mwaka uliotangulia ndiye aliyesoma majina ya wahitimu, na jina la binti mmoja lilipotoka kinywani mwake liligeuka neno ambalo huwezi kulitaja mbele ya wakwe zako. Ukumbi ulivunjika mbavu. Yule binti alipokea cheti akiangalia sakafu, akatokea mlango wa pili, hakungoja hata picha. Jambo hilo lilimkaa naibu mkuu rohoni.

Siku hiyo alikaa juu ya robota la kitambaa, akajipangusa jasho. "Mama fundi, ulimi wangu mimi ni ubao. Hivi yule Mama Taarifa si shangazi yako?"

Shangazi alikubali, ila kwa sharti. "Sisomi jina la mtu ambaye sijamsikia akilitamka mwenyewe."

"Lakini wanafunzi ni wengi, mama."

"Na wote wana midomo."

Ikaamuliwa akae katika chumba changu, maana kila mhitimu lazima apitie kwangu kupimwa. Chumba chenyewe si kikubwa: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, kioo kirefu chenye ufa kuanzia begani, na majoho yaliyoning'inia kwenye kamba kama watu wanaongoja kuitwa. Shangazi alichagua kiti cha plastiki karibu na dirisha. Alikuja na chupa yake ya maji ya vuguvugu na penseli iliyochongwa ikachongeka. Mimi nikipima kifua na urefu wa mikono, yeye alikuwa anauliza.

Aliuliza mambo matatu tu. Jina lako nani? Nani alikupa? Alikuwa anawaza nini? Kwenye swali la tatu watu walicheka kwanza, halafu wakaanza kusema, na wakianza kusema nilisahau futi mkononi.

Alikuja kijana ambaye kwao mtu ana jina moja tu, neno moja, basi. Lakini karatasi za safari zilidai majina mawili, ofisa akaliandika mara mbili, na tangu hapo mwenzetu akawa anaitwa kama mtu anayeitwa na mwangwi wake. Alikuja binti ambaye jina lake lote ni sentensi: "Semeni mpaka mchoke." Bibi yake alikuwa na ugomvi na majirani, mjukuu alipozaliwa akamfanya jibu. Kila alipomwita mtoto kuja kula, majirani walikuwa wanajibiwa. "Ule ugomvi uliisha?" Shangazi akauliza. "Uliisha," binti akasema, "ila jibu ndilo hili limebaki." Alikuja mwingine ambaye jina lake ukilipandisha sauti ni alfajiri, ukiishusha ni kitu kingine ambacho alikataa kutuambia, Shangazi akalirudia mpaka jasho likamtoka, na yule msichana akawa anachezesha kidole hewani kumwonyesha kupanda na kushuka. Alikuja kijana mrefu ambaye jina lake ni la baba, na la babu, na la baba wa babu, unakwenda nalo nyuma mpaka pumzi inakatika. Na kulikuwa na binti mmoja mnyamavu aliyepewa jina la muuguzi aliyemzalisha mama yake, muuguzi ambaye familia haikumwona tena. "Ndiyo maana nikaja kusomea uuguzi," akasema, akavaa kiatu chake akaenda zake, akatuacha tunatazamana.

Shangazi alikuwa akiweka alama za penseli juu ya silabi: hapa kaza, hapa legeza, hapa vuta pumzi. Kila baada ya mtu kutoka alisema kitu kimoja, kama anazungumza na dirisha. "Watu ni wazuri, jamani. Watu ni wazuri sana."

Ndipo akaja Kipande.

Kipande alijulikana chuo kizima. Kijana mchangamfu, mikono mirefu, ndiye aliyekuwa akifanyiwa mzaha na kila mtu na yeye akirudisha. Aliitwa hivyo kwa sababu siku ya kwanza alipofika aliwaambia wenzake jina lake ni refu, wachukue kipande tu. Aliingia akiwa ameongozana na binti wa nchi yake, mwenzake wa darasa, mcheshi kama yeye.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Kipande, mama."

"Hilo ni la mtaani. Nataka la nyumbani."

"Andika Kipande tu. Hata kwenye cheti nimeshaomba wafupishe."

Yule binti akaangua kicheko. "Mama, hawezi kusema! Jina lake maana yake 'Cha Kutupwa Jalalani'. Kwetu akiitwa barabarani watu wanatafuta takataka ziko wapi."

Nilikuwa nimeshika mkono wa Kipande, nampima kwapa hadi kiwiko. Niliusikia ule mkono ukikaza kama ubao. Lakini uso ulikuwa unatabasamu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule uchangamfu wote ulikuwa pazia.

Shangazi hakucheka. "Nani alikupa?"

"Mama yangu."

"Alikuwa anawaza nini?"

Tabasamu likamtoka. "Sijui. Sijawahi kumwuliza, wala sitaki. Jalala ni jalala tu, mama, halina tafsiri ya pili. Nikipata kazi kitu cha kwanza nakwenda kulibadilisha."

Nilidhani Shangazi angemhubiria. Alikuwa na uwezo huo, mimi nimehubiriwa. Badala yake akachukua penseli, akaandika Kipande, akaweka alama kwenye silabi ya kati kwa uangalifu uleule aliowapa wengine. "Jina ni lako. Nitasoma utakachoniambia nisome. Ukibadili mawazo kabla ya kupanda jukwaani, nipo."

Walipotoka, yule binti alikuwa bado anacheka huko nje, lakini alikuwa anacheka peke yake.

Mama yake Kipande alifika siku moja kabla ya mahafali. Alikuwa amesafiri njia ndefu kwa basi, na mguu ulikuwa umevimba, lakini hakutaka kupumzika kabla hajaliona joho. Kwa hiyo Kipande akamleta kwangu. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa kichwani kimefungwa barabara, hajui lugha yetu hata neno. Alilishika joho la mwanawe, akaligeuza ndani nje, akapitisha ukucha kwenye mshono wangu wa bega, akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. Sijawahi kupewa cheti kikubwa kuliko kile.

Shangazi akainuka, akamshika mikono yote miwili, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe na kumletea stuli ya kuegesha mguu. Wakasalimiana kwa muda mrefu, Kipande katikati akitafsiri. Kisha mama akauliza kitu, na Kipande, badala ya kutafsiri, akalivaa joho nililokuwa nimelitia pini.

"Anasema nini?" Shangazi akauliza.

"Anauliza... anauliza kama wewe ndiye utakayelisoma jina langu. Na kama umelishika vizuri."

Nikaona jasho likimchuruzika sikioni. Kumbe mama hakujua kwamba hapa kuna mtu anaitwa Kipande.

Shangazi angeweza kumwumbua pale pale. Akasema, "Mwambie sijafundishwa bado. Namwomba anifundishe yeye."

Kipande akatafsiri kwa sauti ya chini. Mama akakaa sawa. Akalitamka jina la mwanawe polepole, refu, lenye mawimbi, na mwishoni lilikuwa linashuka ghafla kama mtu anayekosa ngazi. Shangazi akalirudia. Mama akakataa kwa kichwa. Shangazi akajaribu tena. Hapo mama akanyoosha mkono, akaweka vidole viwili kooni mwa Shangazi, chini kabisa, akambonyeza pale sauti inapotakiwa kutokea. Watu walilijua lile koo kwa miaka yote, na sidhani kama kuna mtu aliwahi kuligusa. Shangazi akafumba macho, akasema jina. Mama akapiga kofi moja la furaha, akacheka, na sisi wote tukacheka isipokuwa Kipande.

"Sasa mwulize," Shangazi akamwambia taratibu. "Mwulize kwa nini. Ukitaka. Hutaki, tunakunywa chai."

Kipande alisimama pale na joho lenye pini mgongoni. Alitazama mlango, akatazama kioo. Mwishowe akasema maneno machache kwa lugha yao, akiangalia viatu vyake.

Mama alimtazama mwanawe. Nilimwona akishangaa. Sidhani alikasirika. Ilikuwa kama mtu aliyedhani mgeni wake ameshakula, kumbe alikuwa na njaa siku zote. Akaanza kuzungumza, na Kipande akawa anatafsiri kwa sababu tulikuwepo, na kwa sababu nadhani bila ya kutafsiri asingeweza kusikiliza.

"Anasema kabla ya mtoto huyu alikuwa na wengine watatu. Wa kwanza alimpa jina la... ni kama taji. Wa pili, Aliyengojwa kwa Hamu. Wa tatu, Nuru ya Nyumba. Anasema alipenda kuwaita kwa sauti kubwa. Alikuwa anatoka mlangoni kabisa anaita, watu wasikie. Anasema hakuna aliyefika kutambaa."

Akakunja na kukunjua mkono wa joho.

"Anasema wanawake wakubwa walimwambia, unatangaza mno. Kifo kinapita barabarani kama mtu yeyote, kinasikia taji, kinasikia nuru, kinasema hebu niingie nione. Basi alipojifungua mtoto huyu... alipojifungua..."

Akakwama. Mama alisema neno moja fupi, nadhani lilikuwa "endelea."

"Aliponizaa mimi. Alinifunga kwenye tambara lililochanika, hakunifunga kwenye shuka. Akanibeba mwenyewe, siku hiyohiyo, akaniweka nyuma ya nyumba kwenye jalala. Akaingia ndani, akafunga mlango. Anasema alisimama nyuma ya mlango anauma ngumi. Jirani ambaye walikuwa wamepatana naye akapita, akaniokota, akagonga, akasema kwa sauti kubwa, jamani, nimekuta takataka hapa, kuna anayeitaka? Mama akafungua akasema, lete, si kitu cha maana, nitakiweka pembeni. Na ndilo jina aliloniita. Mlangoni, kisimani, kila mahali, kwa sauti kubwa kabisa. Anasema..."

Pasi ilikuwa ikitoa mvuke, nilikuwa nimesahau kuizima.

"Anasema: nilikidanganya kifo mchana kweupe, mbele ya watu, kila siku, na kikaniamini."

Mama alikuwa hajamaliza. Alimvuta mwanawe kwa upindo wa joho mpaka akachuchumaa mbele yake, pini na vyote, akamnong'oneza kitu sikioni. Kitu kifupi. Kipande alibaki pale pale chini, paji la uso limeegemea goti la mama yake, ule usiovimba.

Baada ya muda Shangazi akauliza kwa upole, "Na hilo?"

"Hilo ni jina alilokuwa ananiita ndani, chini ya shuka," Kipande akasema bila kuinua kichwa. "Hilo halisomwi ukumbini, mama. Nisamehe."

"Wala lisisomwe," Shangazi akasema. Akageukia dirisha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsikia Mama Taarifa akikosa sauti.

Siku ya mahafali ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Kipande alikuja nyuma ya jukwaa mapema, joho limenyooka, macho mekundu lakini makavu. Akamwambia Shangazi maneno mawili: "Soma lote." Shangazi akatoa kadi yake mfukoni. Ilikuwa imeshaandikwa jina refu, alama za penseli juu yake kama ndege kwenye waya. Alikuwa ameiandaa, na ile ya Kipande nayo ilikuwepo, tayari, kwenye mfuko mwingine. Hakujua ataombwa ipi.

Alisoma vizuri sana siku ile. Jina la yule kijana wa jina moja alilisoma mara moja tu, kama kwao, na yule kijana akaruka ngazi kwa furaha. Sentensi ya bibi mgomvi aliisoma kwa kejeli kidogo, inavyostahili. Alfajiri ilipanda. Majina ya baba na babu na baba wa babu yalitoka kwa pumzi moja, na familia iliyokaa kati ikainama mbele kama watu wanaovutwa kwa kamba. Naibu mkuu alikuwa amekaa jukwaani ameshika magoti, midomo yake ikimfuata Shangazi kimyakimya kama mtoto anayejifunza sala.

Kisha akaweka kadi ya jina refu juu ya meza. Hakuitazama. Akashusha sauti mpaka pale alipobonyezwa na vidole viwili, akalisema jina lote, likapanda, likapiga mawimbi, likashuka mwishoni ghafla.

Upande wa kushoto, walipokaa wanafunzi wa nchi yake, vicheko vikaanza. Si vikubwa, vile vya puani. Yule binti mcheshi alikuwa wa kwanza. Kipande alikuwa katikati ya jukwaa, akasita.

Lakini nyuma ya wale vijana walikuwa wamekaa wazazi wao, waliosafiri njia ileile ndefu. Mzee mmoja mwenye fimbo akasimama. Akasimama mama aliyekuwa pembeni yake. Halafu mwingine, na mwingine, safu nzima, bila kelele, wamevua kofia walizokuwa nazo. Wao, wanaoijua desturi ile ya kuficha watoto kwa majina, hawakusikia takataka. Walisikia kwamba katika ukumbi huu kuna mwanamke aliyezika, akazika, akazika, halafu akashinda. Mama yake yule binti alimfinya mwanawe paja, niliona kwa macho yangu, na akamvuta juu kwa mkono asimame naye. Kicheko kikamfia binti mdomoni.

Sisi wengine hatukujua maana, lakini mtu akiona watu wazima wamesimama namna ile hahitaji kuambiwa. Ukumbi ukasimama wote. Mama yake Kipande ndiye pekee aliyebaki amekaa, kwa ajili ya mguu, akitazama huku na huku akiuliza kwa mikono kuna nini. Mwanawe akamwonyesha kwa kidole kutoka jukwaani: ni wewe. Vigelegele vilivyopigwa hapo, naibu mkuu anasema vilisikika hadi wodini.

Baadaye uani, wakati watu wakipiga picha, wazazi wa nchi ile walipanga foleni kumsalimia yule mama. Kila mmoja aliinama akamshika mkono. Yule binti mcheshi alikuja wa mwisho, akapiga magoti kwenye kokoto na joho langu jipya, akasema jambo refu huku analia. Mama akamfuta uso kwa ncha ya kitambaa chake, kisha akamrekebishia kola. Kipande akanitafsiria akicheka: "Anamwambia asilie, atachafua kazi ya fundi."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye ngazi peke yake, chupa ya maji imeisha. Nilimwuliza kama amechoka. "Nimesoma habari za vita, za uchaguzi, za vifo vya wakubwa," akasema. "Hii ndiyo taarifa niliyokuwa naingojea nisome."

Siku hizi Kipande ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali ya jirani. Mwanzoni mwa kazi alikuja kwangu na koti lake jeupe, akitaka nimdarizie jina kifuani kwa uzi wa bluu. Nikapima, nikamwambia ukweli: jina halitoshi juu ya mfuko, labda nipunguze herufi, au nifupishe.

"Usifupishe, dada fundi."

"Litapita mfuko, litaingia kwapani."

"Liache liingie," akasema, akavua koti akanikabidhi, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha kungoja.